Lenta ya Zahanati ya Ulemo

Shelui, Jumanne

Nimeivunja. Mkono bado unauma.

Asubuhi nilifika Ulemo kukagua zahanati anayoijenga Mjomba. Nilipogonga lenta, boriti ya zege juu ya mlango wa wodi ya wazazi, zege lilimomonyoka, mchanga mtupu.

Tangu serikali iziachie kampuni binafsi kazi za ujenzi, kampuni yake inapata kazi kwa jina langu. Mhandisi wake aliyesajiliwa ni mimi. Nikiipitisha lenta ile, siku moja itamwangukia mzazi na kichanga chake.

"Shikamoo, Mjomba. Hii ivunjwe," nilimwambia. "Bodi ya wahandisi itanifutia usajili."

"Bodi iko Dar es Salaam," akajibu. "Mimi niliyekulea niko hapa."

Mafundi wakaniangalia, wakamwangalia yeye. Hakuna aliyesogea. Nikachukua nyundo mwenyewe, nikapiga mpaka nondo zikabaki wazi.

Mjomba hakunifokea. Alisema tu, "Nyumbani kwangu usikanyage tena," akapanda gari akaondoka.

Sijutii kuivunja. Lakini mama ni mgonjwa, hatoki kitandani, na kitanda chake kiko kwa Mjomba. Mimi nimepanga chumba kimoja hapa kwenye kelele za malori, na...

Nitamwona wapi?