Maharage ya Namegabe

Ruziba, Bujumbura
Tarehe 6 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Mwavita,

Huko Kigoma wamekuzoeza shikamoo, basi ipokee: shikamoo Shangazi. Habari ya miguu? Nasikia mvua za masika zilikuvimbisha magoti tena, na kwamba kanisani sasa unakaa karibu na mlango. Na masikio je? Riziki ameniambia siku hizi hata ukipigiwa kelele kwenye simu husikii, unajibu tu amina kwa kila kitu. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Maneno haya siwezi kuyapiga kelele, majirani wote wa Ruziba wakayajua kabla yako. Riziki mwanangu, msomee bibi polepole, usiruke hata mstari.

Sisi hapa tu wazima. Amélie amemaliza mtihani wake wa taifa, anangoja matokeo, na kila siku anakumbuka swali jingine alilokosea. Chanelle ameota meno mawili ya mbele makubwa kuliko uso. Mafuta ya gari bado ni shida, kwa hiyo nikipeleka mboga soko la Jabe naenda kwa miguu hadi Kanyosha kwanza, ndipo nipate gari, nikilipata.

Mimi mwenyewe nakula, nalala, naamka. Ukiniuliza habari ya moyo, umeingia ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya kwenye benchi la kanisa. Nangoja uanze kuchoma. Hauchomi.

Najua unachongoja. Mwezi wa nne ulituma neno kwamba tumwekee Namegabe matanga, mi nikakujibu tungoje tuvune. Ulikasirika. Riziki alisema ulitupa kitambaa chini ukauliza, ni mke gani huyu anayewaza maharage wakati mume wake hajulikani alipolala. Haki yako. Wewe ndiye uliyemlea tangu mama yake alipofariki. Mimi nimemkuta ana ndevu. Lakini leo nikueleze jinsi ilivyokwenda, kwa sababu neno lile sikukujibu kwa dharau.

Unajua alitoka hapa mwezi wa pili na magunia yake ya ndagala, hao mnaowaita dagaa huko, akiyapeleka Bukavu kama alivyozoea. Vita vikamkuta njiani. Prodige, yule dereva wake, alifika kwangu mwanzoni mwa mwezi wa tatu, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna. Alisema walishuka kwenye gari wakakimbia na watu wengine, na akamwona Namegabe anaanguka, na yeye hakurudi nyuma kuangalia. Nilimpa uji. Nikamuuliza ameangukaje, kwa kujikwaa ao kwa kupigwa. Akasema hajui. Alilia sana huyo kijana, hadi nikamwonea huruma, ingawa mimi ndiye niliyepaswa kuonewa huruma. Baadaye nilijiambia, mtu akijikwaa anaamka.

Kesho yake ilikuwa siku ya kupanda kwenye shamba letu la pamoja. Shamba hilo sikuwahi kukuelezea vizuri. Ni kipande cha bondeni, si mbali na ziwa, parokia imetuazima. Tuko Warundi na sisi wa Kongo tumechanganyika, na kila mwanachama ana tuta lake. Kulima tunalima wote siku ya Jumanne. Kupalilia kila mtu na lake. Namegabe na mimi tulijiandikisha mbalimbali, kila mmoja tuta lake, kwa sababu alisema hawezi kulima chini ya amri yangu. Matuta yenyewe yalipakana, kwa hiyo amri aliisikia tu.

Mkubwa wa shamba ni Candide, mama Mrundi anayeuza makaa, ana sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Ana sheria zake na zote tumezikubali. Mojawapo ni hii: mwenye kilio nyumbani hashiki jembe wala mbegu mpaka matanga yaishe na kilio kitolewe. Wenzake wanamlimia. Ni desturi ya Warundi tangu zamani, na sisi wa Kongo tuliifuata, maana mgeni hachagui chungu cha kupikia.

Basi siku ile, habari za Prodige zilikuwa zimeshamfikia kila mtu. Nilipofika shambani, Candide akanijia na bakuli la mbegu ameliweka kiunoni, hakuninyooshea. Akaniuliza mbele ya wote, lakini kwa sauti ndogo, ambayo sikujua kama anayo:

"Lisette, uniambie wazi. Uko mu kilio ao hauko?"

"Apana," nikasema. "Siko."

Akanipa mbegu. Nikapanda tuta langu, nikapanda na lake, nikirudi na kwenda kama mtu anayefagia. Kwa watu wa pale, kupanda vile ilikuwa ni kuapa. Sasa unaelewa, Shangazi. Kama ningekukubalia mwezi wa nne, ningekuwa nimeapa uongo juu ya mbegu, nimepanda huku kifo kiko nyumbani, na mdudu wa kwanza kuonekana kwenye jani la mtu angekuwa wangu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba siku zote nilizokuwa nimeshika jembe, mume wangu alikuwa amejikwaa tu.

Mvua zilikuwa nyingi. Ziwa lilipanda likala matuta ya mwisho, na wenye matuta hayo tukawakatia kila mmoja kipande kwenye tuta lake. Wengine walikata kwa mdomo mrefu. Mimi nilikata kwangu, kwa Namegabe sikugusa, na Candide aliona akapita kama hajaona. Maharage yalipoota nilikuwa nashuka asubuhi kupalilia, nikianza na tuta lake. Hadi nimalize jua limekuwa kali, nimechoka, narudi nyumbani. Langu likajaa magugu, aibu tupu. Salvator, mzee mmoja tunayepakana naye, zamani alikuwa karani serikalini na hadi leo analima na shati la mikono mirefu, alinitania kwamba kwenye nyumba yetu anayejua kulima ni mwanaume. Halafu akakumbuka, akainama kufunga kiatu. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira, hayana kamba.

Nilitaka kucheka, Shangazi. Nilijua kwamba pale ndipo panachekesha, lakini kicheko hakikuja. Na kilio vilevile. Watu wananiangalia usoni wanapata taabu. Naona wanatafuta waseme nini, nami sina cha kuwasaidia.

Mwezi wa tano viboko wakaanza kutoka ziwani kuja kula mahindi ya watu. Ikabidi kulinda kwa zamu, kila nyumba itoe mwanaume wa kukaa na moto na madebe ya kupiga. Zamu ya nyumba yetu ilipofika, wanaume wakabishana. Mmoja akasema nyumba isiyo na mwanaume isamehewe. Mwingine akasema mwanaume yuko, si mke wake mwenyewe aliapa? Hakusema kwa ubaya, alikuwa na usingizi. Nikawaambia watulindie tu, mume wangu akirudi atalipa zamu zote kwa mara moja, wao walale mwezi mzima. Salvator akachukua zamu yetu, na iliyofuata, bila kuulizwa.

Siku hizo ndizo ulizokuwa unanitumia ujumbe nami nakaa kimya. Nisamehe kwa kimya kile. Kila ukiandika "tuweke matanga" nilikuwa naweka simu chini naenda kuosha sufuria ambayo ni safi.

Mwezi wa sita mvua zikakatika, maganda yakakauka, tukavuna. Tuling'oa, tukaanika, tukapiga kwa fimbo, wanawake wakapepeta. Vumbi lilikuwa jingi, tukawa wote rangi moja. Yalizaa vizuri, hilo nakwambia. La Namegabe lilizaa kuliko langu, kama ulivyokwisha kukisia.

Baada ya kupepeta, Candide anapita na kila mtu anaonyeshwa fungu lake juu ya turubai. Na hapo pana desturi nyingine, ambayo nilikuwa sijaitilia maanani kwa sababu haijawahi kunihusu. Mwanachama aliyesafiri, fungu lake linawekwa kwenye stoo ya parokia, mtu haligusi hadi mwenyewe arudi. Aliyekufa, fungu lake linabebwa na watu wa nyumbani kwake, lipikwe kwenye matanga yake, wote wale.

Candide akasimama mbele ya fungu la Namegabe. Alikuwa na vumbi hadi kwenye kope. Akaniuliza:

"Haya, tuyaweke ao uyabebe?"

Nikajaribu kumwona. Nilimwita kichwani mwangu aje na magunia yake matupu begani, aulize nani ameangusha maharage yake kwenye mchanga. Nilijaribu kabisa, Shangazi. Nikajaribu kumwinua pale alipoanguka, nikamshika mkono huu, nikamshika ule. Hakuinuka. Si kwamba nilipata habari mpya, hakuna aliyeniletea habari yoyote hadi leo. Ni kwamba niliulizwa neno ambalo haliwezi kujibiwa kwa jembe, na nikaona kwamba jibu nilikuwa nalo tangu Prodige amalize uji wake.

"Nitayabeba," nikasema.

Candide alifungua kitenge alichojifunga kiunoni, akakitandika chini, akaketi. Mwanamke aliyekuwa na ungo akauweka, akaketi. Mmoja mmoja wakaketi wote, hata yule mwanaume aliyesema juu ya kuapa, pale kwenye makapi na jua lile. Nami nikaketi. Hakuna aliyelia kwa sababu mimi sikulia, na desturi ni kumfuata mwenye kilio. Tulikaa hadi kivuli cha stoo kikatufikia. Halafu Salvator akajitwika gunia hadi nyumbani kwangu, na shati lake lile, akakataa maji.

Amélie aliniuliza gunia ni la nani. Nikamwambia ni la baba. Akauliza amerudi? Nikasema apana, hatarudi, haya ni ya matanga yake. Akaenda kuchukua sinia, akaanza kuchambua mawe. Chanelle akaja akamsaidia, akilia kwa sababu dada yake analia. Mimi nilichochea moto.

Basi Shangazi, hilo ndilo jibu langu, na umenivumilia miezi mingi kulipata. Tumwekee mtoto wako matanga. Njoo ukiweza, magoti yakikuruhusu. Usipoweza, taja siku, nasi tutaweka siku hiyohiyo, nyinyi huko na sisi hapa. Kaburi hatuna. Padri amesema misa inasomwa bila kaburi, nilikwisha kumuuliza. Usihangaike na chakula, maharage yapo, na wenzangu wa shambani wamesema wataleta unga na mafuta. Hadi kilio kitolewe watanilimia wao. Nimelaza jembe nyuma ya mlango.

Nakuomba kitu kimoja tu. Kitambaa cheusi ninunulie huko, yadi zinazonitosha mimi na wasichana wawili. Jabe kuna vitambaa vingi, nilikwenda Alhamisi, nikafika hadi mezani. Yule mama ananifahamu kwa mboga. Akaniuliza kwa furaha, mama Amélie, leo unashona kwa ajili ya sherehe gani? Nikanunua chumvi, nikarudi nyumbani.

Msalimie sana Baba Byamungu, mwambie koti lake alilomwachia Namegabe ninalo, sijalitoa kwa mtu. Msalimie Riziki, na nisamehe, mwanangu, kwamba wewe ndiye umelazimika kuyatamka haya. Ukimaliza kusoma usikimbilie kuosha vyombo, kaa karibu na bibi. Mama Zawadi wa jirani naye apate salamu zangu, na wote wa kwaya wanaonikumbuka.

Mungu aliyekupa nguvu ya kumlea akupe na ya kumlilia. Ulie na sehemu yangu, Shangazi, maana mimi bado sijaweza, na mtu lazima aliliwe.

Ni mimi mkwe wako nikupendaye, mjane wa Namegabe,

Lisette