Simu ya Binti Yangu Haikupewa Jina

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mzee Timazi, ndivyo mtaa mzima unavyoniita.
Umri: miaka 76.
Kazi: fundi mwashi, nimestaafu kwa amri ya magoti.
Makazi: nyumba niliyoijenga mwenyewe, ndiyo hiyo yenye mlango uliovunjwa.

Nasema hivi. Mwaka jana kifungua mimba wangu, anayeishi ng'ambo, alikuja kunisalimia. Aling'oa kitasa changu akaweka cha umeme, akafunga kamera, akaviunganisha na simu yangu na kompyuta yake ya huko aliko. Kila kifaa alikipa jina. Mlango ni "Ngome", kamera ni "Jicho", mimi ni "Mzee", yeye ni "Bosi". Kisicho na jina hakifungui kitu. Simu ya dada yake, kitinda mimba wangu anayenipikia na kunifulia, aliikataa. Alisema ni ya mtumba, italeta virusi.

"Baba, hapa mwizi haingii," akajisifu.

Nikamwambia, "Mwizi hajawahi kuja. Hata wewe ulikuwa hujaja."

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa moja asubuhi, niliteleza bafuni, nyonga ikagoma. Simu nilikuwa nimeiacha kitandani. Binti yangu akafika, akagonga nimfungulie kama kawaida. Nikamwita kwa sauti iliyobaki. Akampigia kaka yake afungue kutoka huko. Simu yake ya mtumba inapiga kelele kama mnadani, nilisikia yote.

"Niko kikaoni. Mwambie baba abonyeze kwenye simu yake."

"Kaka, baba yuko sakafuni."

Ikakatwa.

Akachukua mtaimbo wangu wa zamani pale uani, akavunja. Fremu ile niliijengea mimi, najua ugumu wake. Mtoto alifanya kazi safi.

Jicho likampiga picha, likampelekea Bosi. Huyo wa kikaoni sasa akapata nafasi ya kupiga simu kituoni. Mlimkamatia binti yangu hospitali alikonipeleka, ameshika viatu vyangu.

Nimeulizwa kama namtambua mtuhumiwa. Namtambua. Jina nilimpa mimi, siku aliyozaliwa, wala sikuomba ruhusa ng'ambo.

Niliyoyaona na kuyasikia ndiyo hayo, na kiuno hakiniruhusu kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba)

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Ameomba neno "mtuhumiwa" lifutwe, liandikwe "mwanangu". Nimemweleza haiwezekani. Amesema basi atamsubiri hapa kituoni, kwenye benchi.