Kisu cha Mahari Kilichochovywa Mara Tisa

Mama Alphonsine mpendwa, wewe unayejibu watu gazetini, naomba unisaidie haraka maana ndoa yangu inaharibika kabla haijafungwa. Mimi ni Valère, mfua visu hapa Makiso, natengeneza visu kwa ressort, yaani springi, za malori mabovu, na nina mchumba, Odile, binti wa Papa Basile, mvuvi wa kule kwenye maporomoko, na huyo mzee juu ya mbuzi na vitambaa ameongeza sharti lake mwenyewe, nimletee kisu nilichokifua kwa mkono wangu, nami nikafurahi, kwa kuwa soko zima linajua mafundi wengine wanachovya chuma cha moto majini mara moja tu, kivivu, hasa yule Juma aliyetoka Maniema, lakini mimi narudisha motoni nachovya, narudisha nachovya, mvuke unapaa, watu wanasimama wanapiga makofi, “Tia tena, Valère! Bado!”, basi kisu cha mzee nilikichovya mara tisa, na mara ya mwisho kikalia tik ndani ya maji, nikajua ugumu sasa umeingia mpaka ndani kabisa, kumbe siku ya mahari, familia zote mbili zimekaa, Papa Basile akakipiga kwenye mfupa wa mbuzi kikakatika vipande viwili, na shangazi yake Odile akacheka mpaka kilemba kikamdondoka. Mzee akaniambia, “Mutoto, hii iko kisu ao iko sahani? Bon, leta ingine. Ile nayo ikivunjika, Odile atabakia kwangu.” Sasa sili, silali, na Odile hanitazami. Niambie, mama: hicho cha pili nikichovye mara kumi na mbili, au niende hadi ishirini?

Valère, Makiso

*

Valère mwanangu, pole. Nakupa pole mapema kwa sababu nikianza kukugombeza nitaisahau. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa ofisini, na mwenzetu wa habari za michezo ilibidi atoke nje.

Unauliza mara ngapi, huulizi kwa nini kilikatika. Ile tik uliyoifurahia ni chuma kilichokuwa kinapasuka, baba! Kilikulilia, wewe ukakishangilia.

Mimi si fundi, kwa hiyo nilishuka bandarini kwa mzee wetu, tonton Hilaire, anayetengeneza vyuma vya mashua, nikamsomea. “Chuma ikitoka mu maji iko nguvu, lakini iko na kasirani,” akaniambia. “Inaomba moto kidogo tena, ya polepole, itulie. Huyu alisahau ile moto.”

Kuchovya tena kunaweza kusaidia kidogo, anasema, kwa fundi anayejua kupima moto wake, au ikiwa mara ya kwanza moto haukutosha. Lakini kila safari ya motoni inakula ngozi ya chuma, na kila kuzamishwa ni nafasi nyingine ya kupinda au kupasuka. Wewe ulikitesa mara tisa, halafu hukukituliza hata mara moja. Nilipita pia kwa huyo mvivu wako Juma. Akishachovya, anakiweka kisu kando ya makaa, anangoja kigeuke rangi ya nyasi kavu. Pale hakuna mvuke wala makofi, ndiyo maana hujawahi kusimama ukamtazama.

Sikulaumu peke yako. Mji huu siku hizi tunapigia makofi kila kitu, na kwenye mikutano ya siasa neno likirudiwa vya kutosha tunalichukua kuwa kweli. Chuma, kwa bahati mbaya, hakina kadi ya chama.

Sasa fanya hivi. Tafuta ressort isiyo na ufa. Ipashe mpaka iwe nyekundu sawasawa, ichovye mara moja, na kwenye mafuta ya uvuguvugu, achana na maji yako baridi. Kisha ipashe tena polepole, mpaka rangi ile ya nyasi kavu. Ukiona hujui rangi, nenda kwa Juma, msalimie vizuri, mwombe akuonyeshe, na umeze hiyo aibu. Halafu kisu kipige kwenye mfupa nyumbani kwako kabla Papa Basile hajakipiga kwake.

Na siku ya kuchovya, funga mlango. Wakigonga wakiita “Tia tena!”, nyamaza. Hao wote wana wake zao nyumbani. Asiye na mke ni wewe.