Mgongo wa Mama Yako

Karakana ya Mageti,
Nyuma ya Kanisa.
Jumatatu, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mpwa wangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe, mumeo na wale wajukuu zangu wawili. Hamjambo wote? Kifua cha yule mdogo kimepona? Mimi mjomba wako ni mzima kama chuma cha reli. Juzi niliinua geti zima peke yangu, mafundi wanne wamesimama midomo wazi. Mmoja alisahau chakula chake, nzi wakakimaliza.

Sasa kaa chini, mwanangu. Barua hii nimempa dereva wa lori, muumini mwenzetu, akukabidhi mkononi keshokutwa. Sikupiga simu kwa sababu mdomo wangu ukishika simu hauna breki. Ningekudanganya tena.

Ile barua ya mwezi uliopita nilimokuambia kwamba mama yako anatembea mpaka mlangoni haikuwa ya kweli. Tangu kupooza kulipomwangusha, upande wake wa kulia haujasogea hata kidole. Na sasa hali yake ni mbaya, kwa mkono wangu mimi.

Akina mama wa kanisa walikuwa wakija kila siku kumwogesha na kumlisha. Kiongozi wao ni yule fundi cherehani tunayemwita Mama Kengele, ambaye sauti yake haihitaji spika. Mimi nikaona haya. Watu watasemaje, dada ana kaka fundi mkubwa halafu anaogeshwa na watu baki? Nikawasimamisha mlangoni: "Kanisa ni la Jumapili, damu ni ya kila siku. Nendeni, mimi namtosha."

Mama Kengele akanitazama kuanzia viatu mpaka kofia. "Haya, Mjomba. Ila mgonjwa si geti."

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, nikafunga mlango.

Sasa sikia akili ya fundi. Nondo ikipinda unailaza juu ya kitu kigumu, unaibana, unaiacha inyooke. Nikasema, mwili nao si hivyo hivyo? Nikatoa godoro, nikaweka ubao juu ya kile kitanda cha chuma nilichokichomelea mwenyewe, kile kinachobeba tembo na mwanawe. Nikatandika blanketi moja, nikamlaza chali, na vifuko vya mchanga huku na huku asigeuke. Wiki tatu. Namlisha uji kwa kijiko, namsafisha upesi upesi huku nimegeuza uso, maana ni dada yangu, ningemtazamaje? Kisha natoka barabarani kutangaza kwamba dada ananyooka, madaktari waje wajifunze kwangu.

Jumanne iliyopita Mama Kengele akaja na mwenzake, akasimama kizingitini, akanusa. "Mjomba, kuna nini humu ndani?"

"Panya amefia darini," nikasema.

Akanisukuma. Mimi huyu ninayeinua mageti, nikaenda kugonga ukuta. Wakamgeuza kwa shuka, mmoja huku, mmoja kule. Mwanangu, chini ya kiuno nyama ilikuwa nyeusi, na katikati shimo la kuingia ngumi. Kile cheupe nilichokiona ndani ni mfupa. Nilitapika kwenye ndoo yangu ya rangi.

Mama Kengele alimwuliza huku machozi yanamtoka, "Dada yangu, mbona hukusema?"

Mama yako akajibu polepole kwa ule mdomo uliopinda: "Angeaibika. Ameshawatangazia watu."

Elimu yangu unaijua, darasa la nne nilitokea dirishani. Lakini siku ile nilisoma. Bibi yako alipofariki mimi nilikuwa bado nanyonya, na mama yako alikuwa na miaka kumi. Ndiye aliyenibeba mpaka nikajua kutembea, akanitafunia chakula kama ndege. Mgongo ule ulionilea ndio niliouozesha. Na mwenye mgongo alikuwa analinda sifa zangu.

Mchungaji alikuja kusali naye. Akatukumbusha kwamba Yesu akiwa msalabani, katika maumivu yote yale, alimtafutia mama yake mtu wa kumchukua nyumbani, wala hakuuliza kwanza kama ni wa ukoo mmoja. Nilikuwa nimekaa juu ya ndoo pale pembeni, nikainamisha kichwa. Wale aliopewa dada yangu ndio niliowafukuza. Damu yangu ndiyo iliyomlaza ubaoni. Maji ya ubatizo ndiyo yaliyokuja kumgeuza.

Sasa wanakuja kwa zamu. Kila baada ya saa mbili wanamgeuza, wanaosha kidonda bila kuziba pua, wanapiga naye soga kama mtu anayesukwa nywele. Hakuna aliyenitukana. Heri wangenitukana! Wamenifundisha kushika pembe ya shuka. Nikivuta, yeye anauma meno asije akanivunja moyo.

Daktari anasema sumu imeshaingia kwenye damu, na hospitali wamemrudisha nyumbani. Labda wiki, labda pungufu. Kila asubuhi anakuulizia. Njoo, mama. Lori linageuza kurudi huku Ijumaa, dereva atakupakia wewe na watoto.

Yeye ameniagiza nikuandikie kwamba hajambo, usiache shughuli zako. Na jambo jingine ulijue kabla hujafika. Daktari alipouliza nani alimlaza vile, mama yako alisema ni yeye mwenyewe aliyekataa kugeuzwa. Nilifungua kinywa niseme. Akanibana kidole kwa ule mkono mzima, nikanyamaza kama mtoto. Na wewe atakuambia hivyo hivyo. Usimbishie. Hasira zako zote nitupie mimi, nje, nyuma ya karakana. Yeye mwache aende akiamini kwamba amenisitiri.

Msalimie mumeo na mama mkwe wako. Mama Kengele na wenzake wanakusalimu, wamekuandalia mahali pa kulala. Mungu awafunike njiani, na amshike dada yangu mkono mpaka umshike wewe.

Wako akupendaye, hata kama hutataka kunipa mkono,

Mjomba.