Koti la Kuonea Taa za Kaskazini

Mjukuu wangu,

Kabla hakujakucha nilisikia cherehani yako ikinguruma polepole. Kumbe ulikuwa unaniongezea bitana kwenye koti, twende kuona zile taa za angani, kaskazini kwenye barafu. Nikashindwa kukuambia kwamba sitaweza kwenda. Juzi uliponijaribisha koti hilo kwenye chumba cha kugandishia samaki kazini kwako nilicheka sana, lakini magoti yamegoma mpaka leo.

Nenda bila mimi. ~~Labda mwakani.~~ Hapana, nenda tu. Nami nilizitamani kweli. Koti vaa wewe, mikono uliyonikunjia ifumue.

Chai iko kwenye chupa.

Nimekuacha umesinzia juu ya cherehani, nikakufunika shuka. Ukirudi pitia kwangu kwanza, mama, unisimulie rangi zote.

Bibi yako