Sauti Kwenye Karatasi ya Dagaa

Mjukuu wangu Nyanjura, mwenye jina langu,

Hapa Kigera tu wazima, na shangazi yako amejifungua salama. Unauliza kama nami nilikuwaga nasoma vitabu vya picha vya majini na mizimu kama hivyo vyako. Nilisoma kimoja, vipande vipande. Miaka ile ya shida hata karatasi ilikuwa adimu, muuza dagaa akawa anachana kitabu cha katuni na kufungia. Kila Jumamosi nilipata ukurasa: binti anaitwa kutoka ziwani na mtu asiyeonekana.

Mchana mmoja nikafungua ukurasa ambapo yule binti anaitika. Papo hapo nikasikia nje, "Nyanjura!"

"Abee!" nikaitika.

Mama akaniziba mdomo. "Kwetu huitiki kabla hujamwona anayekuita!"

Tukatoka. Vumbi tupu, hata unyayo hamna. Mama akaichoma ile karatasi, mwisho wa hadithi sikuupata.

Wewe visome vyote. Mimi kile kilinifunza kutulia na kusikiliza. Ila juzi, nikiwa na barua yako mkononi, sauti ileile iliita uani. Sikuitika. Sijui ilikuwa inamtaka Nyanjura yupi.

Bibi yako