Chupa za Ciakuthii

Meru, 1955

Mpwa wangu Njeru,

Nakusalimu mimi mjomba wako, ambaye bila ufagio wangu daktari hawezi kuanza kazi hapa hospitali. Barua hii anakuletea Rage wa lori, isije ikafunguliwa posta. Mbuzi wako ninayekufugia amezaa mapacha.

Mkeo Ciakuthii bado yuko wodini. Wadudu wa homa wamemwingia moyoni. Anadungwa penisilini, halafu daktari anapima kama ikishafika kwenye damu inawaua. Anatoa maji ya damu yake, anayatia kwenye chupa ndogo zenye supu, anaongeza wadudu wale wale. Kesho yake chupa ikiwa safi, wamekufa. Ikichafuka, wako hai.

Nikamwambia, "Daktari, pima na yangu! Damu hii iliua nyati kule Kanyakine bila mkuki." Akapima. Njeru, wadudu walinenepa humo mpaka chupa ikawa kama uji! Sasa manesi wananiita Baba Wadudu.

Nilicheka nao. Lakini jana chupa za Ciakuthii nazo zilichafuka, zote. Daktari ameongeza dawa maradufu, na hanitanii tena.

Najua siku hizi za hali ya hatari chifu wenu hatoi pasi ya kusafiri ovyo. Mwambie mjomba wako amekufa, lia mbele yake, uje unizike. Kila asubuhi mkeo ananiuliza uko wapi. Nimemwambia uko njiani.

Ni mimi mjomba wako, mzima kabisa,
M'Ikiara